Kila kazi ya mikono inaishia dakika 5: niwape nini watoto likizo hii ya joto?

Swali: "Nina watoto 2, wa kike ana miaka 3 na wa kiume ana miaka 6. Likizo ndefu imeanza, jua ni kali na muda mwingi tunashinda ndani. Nimejaribu unga wa kufinyanga, ukanata mikononi hadi tukautupa. Mapovu ya sabuni yalipasuka kabla hayajaachana na mrija. Tulipotengeneza samaki wa karatasi, mdogo aliishia kulia na mkubwa akanisukumia nimalizie mwenyewe. Hakuna kinachofika dakika 5. Kuna kazi gani rahisi ambazo kweli zitawashika, bila kununua vitu vingi?"

Jibu:

Mama, tuanze na huyo samaki, kwa sababu yeye ndiye anayeeleza mengine yote. Mchoro ulikuwa wako, ukataji ulikuwa wako, na pengine hata mahali pa jicho ulipachagua wewe. Mtoto alibakiwa na kitendo kimoja tu, kubandika jicho, na kitendo hicho kinafanyika mara moja kisha kimekwisha. Mtoto wa miaka 3 hana haja na samaki. Haja yake ni ile gundi inavyovutika kati ya vidole. Ukimpa beseni la maji na vikombe 2 atamimina mara 100 na atataka tena.

Kwa hiyo chagua kitendo kwanza, kitu kitakachotokea kije baadaye. Kumimina, kubonyeza, kupuliza, kukata, kuchana, kubandika, kuosha: hivi ndivyo vitendo vinavyowashika watoto wa umri huu. Kabla hujatoa vifaa, jiulize mikono ya mtoto itafanya nini na itakirudia kitendo hicho mara ngapi. Kama jibu ni "mara moja", kazi hiyo ni yako, si yake. Na usijiwekee kipimo cha mtu mzima: dakika 10 hadi 15 za utulivu kwa mtoto wa miaka 3 ni nyingi, na wa miaka 6 akifika nusu saa amefanya vizuri sana.

Sasa unga wa kufinyanga. Ulinata kwa sababu moja kati ya mbili: ama maji yalizidi, ama uliuepua kabla haujaiva. Unga unaochanganywa na maji baridi tu huwa mgumu kuupatia, kwa kuwa ngano hunywa maji polepole. Unaona umekauka, unaongeza maji, na baada ya dakika 10 yale ya kwanza yameingia na donge limekuwa tope. Unga uliopikwa hauna usumbufu huo, kwani moto huivisha wanga na kuyafunga maji ndani yake.

Chukua vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini, vikombe 2 vya maji, vijiko vikubwa 2 vya mafuta ya kupikia na vijiko vikubwa 4 vya maji ya limau. Pasha maji kidogo, yayushie chumvi humo mpaka usisikie chenga chini ya sufuria, kisha yaache yapoe. Chumvi ikitiwa kavu, donge huwa na changarawe na linawasha mikono yenye mikwaruzo. Mimina maji hayo kwenye unga, tia mafuta na limau, koroga mpaka vidonge viishe. Hapo utaona una uji mzito. Usiogope na usiongeze unga. Weka kwenye moto mdogo na usonge kwa mwiko bila kuacha. Baada ya dakika chache uji unaanza kushikana upande wa chini, halafu kwa ghafla unakuwa donge moja linalofuata mwiko na kuachia kuta za sufuria.

Hapo ndipo wengi huepua mapema. Chota kipande kidogo, kiache kipoe kidogo, kibane kati ya kidole gumba na cha shahada. Kikiacha utando mweupe kwenye ngozi, rudisha motoni dakika moja zaidi. Kikiachia kikavu, epua. Ukizidisha moto donge huwa kama mpira na hupasuka linapokunjwa. Dawa yake ni kijiko cha mafuta na kulikanda sana. Lifunike kwa kitambaa hadi lipoe, kisha likande dakika 5. Rangi ya chakula itie kwenye maji tangu mwanzo kama unataka rangi moja. Ukitaka rangi kadhaa, gawa donge likiwa vuguvugu, tia matone katikati ya kila kipande na ukunje kwa ndani ili usipake viganja vyako.

Weka kwenye chombo chenye kifuniko cha kubana. Likihifadhiwa hivyo hukaa wiki kadhaa. Likianza kunuka au kuota madoa, tupa. Siku zenye unyevu mwingi hewani donge hutoa jasho, maana chumvi huvuta maji. Halijaharibika: lifute, nyunyiza kijiko cha unga, kanda tena.

Jambo moja la usalama hapa. Chumvi iliyomo ni nyingi mno kwa mwili mdogo, na inaweza kumdhuru pia mbwa akiokota vipande. Unga mbichi nao unaweza kubeba vijidudu vya tumbo, na hiyo ni sababu nyingine ya kupika. Mtoto ambaye bado hupeleka kila kitu mdomoni asubiri, au umkalie ubavuni muda wote.

Unavyoutoa unga huo mezani kuna uzito sawa na unavyoupika. Mpe kila mmoja donge la ukubwa wa ngumi yake, si lote. Usiweke vibao vya maumbo siku ya kwanza, kwa sababu mtoto atapiga nyota 3 na kusema amemaliza. Weka vitu vya kutendea: uma, kibanio cha nguo, kifuniko cha chupa, kisu cha plastiki, kipande cha fimbo cha kusukumia. Kisha kaa, chukua donge lako mwenyewe na uanze kusokota nyoka mrefu bila kusema neno. Mdogo atakuja kusokota. Mkubwa mpe tatizo la kutatua: mnara wa vijiti na vidonge vya unga, uende juu kadiri utakavyoweza kabla haujalala. Utalala, na atagundua mwenyewe kwamba pembetatu zinasimama pale ambapo pembenne zinayumba.

Wakitaka kubaki na walichotengeneza, huo ni unga mwingine kabisa. Vikombe 2 vya unga, kikombe 1 cha chumvi, na maji yasiyozidi kikombe 1 uliyotia kidogo kidogo, bila mafuta na bila kupika. Sukuma uwe na unene wa nusu sentimita, toboa tundu la uzi kwa mrija ungali mbichi, kisha kausha katika oveni ya nyuzi 120 kwa saa 2 hadi 3 ukigeuza mara moja, au siku kadhaa mahali pakavu penye hewa. Vipande vinene hupasuka kwa kuwa nje hukauka na kujikunja wakati ndani kungali na maji. Oveni kali huleta malengelenge. Rangi ipakwe baada ya kukauka na kupoa kabisa.

Mapovu yanataka subira kuliko sabuni. Povu linaloruka ni utando mwembamba wa maji uliobanwa kati ya tabaka 2 za sabuni, na linakufa pale maji yanapotiririka kwenda chini au yanapokauka. Mchana wa jua kavu na upepo unayakausha kwa kufumba na kufumbua. Ukiongeza sabuni hutayazuia maji kukauka. Kinachosaidia ni kitu kinachoshikilia maji, yaani sukari au gliserini.

Vikombe 3 vya maji, nusu kikombe cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, na vijiko vikubwa 2 vya sukari au gliserini. Yayushe sukari kwenye maji ya moto kwanza, acha yapoe, kisha tia sabuni na ukoroge taratibu kana kwamba hutaki kumwamsha mtu. Ukipiga kwa nguvu juu panajaa povu jeupe dogo dogo, na hilo povu ndilo adui, kwa sababu kila linapogusa utando linaupasua. Liengue kwa kijiko. Funika uache usiku kucha. Mchanganyiko uliolala unafanya kazi vizuri waziwazi kuliko ule wa papo hapo. Chezeni asubuhi mapema au jua likishuka, wakati hewa ina unyevu na upepo umetulia.

Mrija mtupu hutoa mapovu machache kwa kuwa haubebi maji mengi. Tengeneza kitanzi cha waya laini, kizungushie uzi wa sufi, na ncha za waya zikunjwe ndani ya mpini uliofungwa utepe wa gundi. Sufi hunywa dawa hiyo ya mapovu na kuiachia polepole, hivyo kuchovya mara moja kunatosha mapovu mengi. Kwa mkubwa, pitisha uzi wa sentimita 70 ndani ya mirija 2 mifupi, funga fundo, naye ashike mrija mmoja kila mkono. Akichovya na kuinua anapata dirisha zima la sabuni, na akivuta kwa hatua za nyuma litajaa hewa na kufunga lenyewe akiikutanisha mirija.

Mdogo ana hatari moja na mrija: watoto wa miaka 3 mara nyingi huvuta badala ya kupuliza. Toboa tundu dogo sentimita 3 kutoka upande wa mdomo. Akivuta, hewa itaingia kwa tundu na sabuni haitapanda. Mfundishe kupuliza kwa kumwekea kipande cha pamba mezani akisukume kwa pumzi mpaka kianguke, halafu mwambie apulize vivyo hivyo, polepole, kama anapoza uji. Na watakapotaka kushika povu, waloweshe mikono kwanza kwa dawa hiyohiyo. Mkono mkavu hulipasua, mkono uliolowa hulipokea. Fanyeni haya kwenye nyasi au udongo. Sakafu yenye sabuni inaangusha watu.

Kwa saa za joto hakuna kitu kinachoshinda beseni la maji, na kwa mtoto wa miaka 3 ningelianza nalo kila siku. Weka mabeseni 2, moja lina maji ya kina cha kiganja, jingine tupu, na katikati sponji, jagi dogo, chujio na vikombe vya ukubwa tofauti. Kazi ni kuhamisha maji yote kwa sponji, kisha kuyarudisha. Kukamua sponji kunatia nguvu misuli ileile ya vidole itakayoshika kalamu. Siku ya pili mpe magari yake ayaoshe kwa mswaki mkuukuu. Siku ya tatu mpe vitu 10 kutoka jikoni akisie kipi kitazama.

Mkubwa mpe karatasi ya alumini, kipande cha sentimita 20 kwa 20, akunje mtumbwi, halafu aupakie kokoto moja moja huku akihesabu hadi uzame. Mtumbwi wa kwanza kwa kawaida huwa na ncha kali na tumbo jembamba, na huzama haraka. Usimwambie kitu. Mpe karatasi nyingine ya ukubwa uleule. Wenye sakafu bapa na kuta zilizonyooka hubeba kokoto nyingi zaidi kwa sababu husukuma maji mengi kabla ya ukingo kufikiwa, na hilo atalifikia akiwa na mtumbwi wa tatu au wa nne.

Lakini maji hayana mzaha. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita 5, na huzama kimya, bila kupiga kelele wala kurusha mikono. Kaa umbali wa kumfikia kwa mkono, simu iwe mbali nawe, na mchezo ukiisha yamwage hapohapo na uyalaze mabeseni kifudifudi. Ukiitwa mlangoni, nenda naye.

Kuna kazi nyingine ya maji ambayo haihitaji hata maandalizi: ndoo ndogo, brashi pana ya kupakia rangi, na ukuta wa nje au sakafu ya saruji iliyo kivulini. Anapaka maji, ukuta unakuwa mweusi, jua na hewa vinaufuta, anapaka tena. Hakuna cha kufua wala cha kukausha. Kazi zote za nje zifanywe kabla ya saa 4 asubuhi au baada ya saa 10 jioni, maana katikati ya hapo miale ya jua ni mikali mno kwa ngozi ya mtoto. Maji ya kunywa yawe pembeni muda wote. Mtoto aliyezama kwenye mchezo hakumbuki kiu.

Barafu nayo inalipa vizuri. Usiku weka wanyama wa plastiki wasioingia mdomoni kwenye bakuli la maji, ligandishe, asubuhi lipindue kwenye sinia kubwa. Wape vikombe vya maji vuguvugu, kijiko, bomba la kunyweshea dawa lisilo na sindano, na chumvi kidogo ndani ya kisahani. Kazi ni kuwakomboa wanyama. Chumvi inayeyusha barafu kwa kushusha kiwango cha baridi ambacho maji hugandia, ndiyo maana pale inapodondoka panachimbika vijito. Waambie tu chumvi ni ya barafu, si ya ngozi: mchanganyiko wa vitu hivyo 2 ukishikiliwa mkononi unapoa chini ya kiwango cha barafu ya kawaida na unaweza kuunguza.

Mkasi unastahili kuzungumziwa kwa kirefu, kwa sababu hapa watoto wengi hukata tamaa bila kosa lao. Kwanza ujaribu wewe mwenyewe kwenye karatasi nyembamba. Mikasi mingi ya watoto haikati, inakunja karatasi katikati ya makali, naye mtoto anapinda kifundo cha mkono akitafuta namna ya kuulazimisha. Chagua wenye ncha butu lakini makali mazuri. Kidole gumba kiingie tundu la juu na kitazame dari. Hilo ndilo la kukumbusha kila mara, "gumba juu". Viwiko vikae karibu na mbavu.

Usimpe wa miaka 3 karatasi nzima. Mkatie vipande vya upana wa sentimita 2 kutoka kwenye karatasi ngumu kidogo, kama ya boksi jembamba la dawa ya meno. Kipande cha upana huo hukatika kwa mfumbo mmoja: anafungua, anafumba, kipande kinadondoka kwenye bakuli. Atajaza bakuli zima, na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Karatasi laini hulegea na kumponyoka. Akiizoea, ongeza upana hadi sentimita 5 ili afumbe mara 2 au 3 mfululizo, kisha mchorie mstari mnene wa kuufuata.

Wa miaka 6 yuko tayari kwa mizunguko. Mchorie duara la ukubwa wa sahani na ndani yake mstari wa konokono unaokwenda katikati. Siri ni kwamba mkono wa mkasi hukaa palepale na mkono mwingine ndio unaogeuza karatasi. Akimaliza, kitundike kwa uzi juu ya mahali penye hewa inayopanda na kitajizungusha chenyewe. Kama mmoja wao anatumia mkono wa kushoto, mtafutie mkasi wa kushoto kweli. Kwenye mkasi wa kawaida, ukiushika kwa kushoto, ubapa wa juu huuficha mstari na vidole husukuma makali yaachane badala ya kubanana.

Vile vipande vilivyojaa bakulini usivitupe, ni mali ya kubandika. Gundi ya unga inatosha kabisa kwa karatasi: koroga robo kikombe cha unga wa ngano na nusu kikombe cha maji baridi, mimina kwenye kikombe 1 cha maji yanayochemka, endelea kukoroga kwa dakika 2 au 3 mpaka iwe nzito na ing'ae. Kwenye friji hukaa siku 3 hadi 4. Haishiki plastiki wala chuma. Usimkabidhi mtoto chupa ya gundi aibinye, kwa sababu ataweka ziwa, karatasi itajikunyata na kesho yake bado itakuwa mbichi. Weka gundi kijiko kimoja ndani ya kifuniko cha chupa, pamoja na kijiti chenye pamba nchani. Kidogo kikiisha, unamwongezea.

Kwa gundi hiyohiyo mkubwa anaweza kutengeneza bakuli la karatasi. Chana gazeti vipande vya upana wa sentimita 2 au 3. Kuchana kwa mkono ni bora kuliko kukata, maana ukingo uliochanika hulala vizuri. Pindua bakuli la plastiki, lipake mafuta, bandika tabaka la kwanza kwa maji matupu na yanayofuata kwa gundi, jumla tabaka 4. Pumzika siku nzima baada ya kila tabaka 2. Anayebandika zote kwa pamoja hupata kitu kinachonuka na kuota ukungu kwa ndani. Wengi hufanya kazi hii juu ya puto; nashauri usitumie puto nyumbani kwako. Kipande cha puto lililopasuka kikimnasa mtoto kooni huziba njia ya hewa kama kifuniko, na ni vigumu kukitoa.

Rangi za kupaka zisizidi 3 kwa wakati mmoja, nyekundu, njano na buluu, kila moja kijiko kimoja. Ukiweka 8, baada ya dakika 4 kila kitu ni kahawia na mtoto amevunjika moyo. Rangi ya vidole hupikwa: nusu kikombe cha konflawa (wanga mweupe wa mahindi), vikombe 2 vya maji, koroga baridi, pika hadi iwe nzito na iangaze, gawa na utie rangi ya chakula. Rangi hiyo inaweza kubaki kwenye nguo, kwa hiyo wavae mashati makuukuu.

Kwa ajili ya siku za katikati ya juma, panda maharage. Loweka usiku mmoja, visha ndani ya glasi karatasi ya jikoni iliyolowa, chomeka punje 3 kati ya karatasi na kioo ili zionekane, na chini uache maji ya kimo cha ukucha tu. Ndani ya siku 3 hadi 5 mzizi unatoka. Punje zilizozamishwa huoza, kwa sababu zinahitaji hewa. Mkubwa apige mstari wa kalamu kwenye kioo kila asubuhi pale mzizi ulipofika. Siku ya tano, geuza glasi ilale ubavu na mwache aone mzizi ukigeuka kurudi chini.

Nimetaja maharage, kwa hiyo niseme ya kuepuka. Kwa mtoto asiyefikisha miaka 3, na hata huyo wako wa miaka 3 kama bado anatia vitu mdomoni, kitu chochote kinachopenya kwenye bomba la katikati la karatasi ya chooni ni kidogo mno kuchezea. Punje kavu zikiingia puani au sikioni hunyonya unyevu na kuvimba. Shanga za jeli zinazovimba kwenye maji zisiingie nyumbani kabisa, kwani zikimezwa huvimbia tumboni. Mkiokota mbegu za mapambo, mziache zile nyekundu ngumu zenye doa jeusi pamoja na zile za nyonyo zenye madoadoa; zote zina sumu kali. Betri bapa ndogo na sumaku ndogo zikimezwa ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, msisubiri dalili.

Kabla ya kuwaita watoto, tumia dakika 5 kupanga mahali. Kila kitu kiwe tayari mezani, kitambaa chenye maji kiwe mkononi, na kazi iwe na mpaka: sinia, au mraba wa utepe wa gundi uliobandikwa sakafuni. Mpaka huo unaeleweka kuliko "usimwage". Wasianze wakiwa na njaa au karibu na usingizi wa mchana. Nusu ya vifaa ifiche. Ukivitoa baada ya siku 4 vitakuwa vipya. Na usafi uwe sehemu ya kazi: beseni la maji ya sabuni na vyombo vilivyochafuka vya kuosha, jambo ambalo mdogo huenda akalipenda kuliko yote yaliyotangulia.

Nirudi kwa mkubwa wako aliyekuachia samaki. Mtoto wa miaka 6 tayari anaona tofauti kati ya mkato wake na wako, na mkono wa mtu mzima ukiingia kurekebisha, anaelewa kwamba chake hakikutosha. Kuanzia sasa uwe na karatasi yako. Akiuliza "mkia unakatwaje?", mwonyeshe kwenye yako na usiiguse yake, hata kama umepinda. Badala ya "nzuri sana", sema unachokiona: "upande huu umebandika vipande vingi vyekundu kuliko huku." Yeye atakuambia kwa nini. Na samaki wa mdogo akiwa na macho 7 upande mmoja, mwache awe na macho 7.

Leo usiku, wakishalala, changanya dawa ya mapovu ili ilale, na upike ule unga upoe. Kesho tokeni na mapovu kabla ya saa 4. Jua likipanda, rudini ndani kwenye unga, na beseni la maji uliweke akiba kwa ile saa ngumu ya alasiri ambapo kila mtu amechoka.